Moto wa Urani na Moto wa Maji: Nani Atautunza?



Wakati wa kiangazi tulikuwa Lulimba kwa kuwatembelea wakristu wa vijiji vya pale. Kila mtu wa Fizi anaijua Lulimba. Ndipo njia zinapokutana: ile ya Fizi na Baraka, ile ya Kabambare na Kasongo, na ile inayoshuka kusini kuelekea Bendera na Kalemie. Mahali pa njia nyingi, habari nazo ni nyingi, za kweli na za uongo.

Jioni moja, baada ya rozari, katekista alituletea kijana mmoja mchimba dhahabu. Kijana alikuwa na kopo la maziwa lililofungwa kwa kitambaa, na ndani yake jiwe jeusi, dogo lakini zito sana. Akasema: «Padri, hii ni urani. Kuna mtu ameniahidi dola nyingi. Naomba uniwekee ndani ya sakristia, kwa kuwa pale hakuna atakayeiba.»

Tukubali kosa letu. Kopo tulilipokea, tukaliweka kabatini pamoja na mavazi ya Misa, likakaa humo siku mbili. Siku ya tatu alipita mtu mwenye elimu ya mawe. Alilitazama, akalikwaruza kwa kisu, akacheka: lilikuwa jiwe la wolframu tu, lisilo na mionzi yoyote. Kijana alihuzunika, lakini kabla ya kuondoka aliuliza neno tusiloweza kulijibu: «Padri, wanasema urani ilitoka kwetu Kongo ikawasha miji ya wengine. Sasa watu wanasema Kenya inataka kujenga kiwanda cha umeme wa urani, na Uganda pia. Mbona sisi wenye jiwe tunakaa gizani?»

Padri anayeulizwa neno kama hili asijibu kwa kubahatisha. Tulirudi kwenye vitabu, tukaulizia kwa wenye elimu. Haya ndiyo tuliyoyapata, nasi tunayaandika kwa ajili ya mapadri, maseminari na makatekista, kwani wao pia wataulizwa.

I. URANI NI NINI?

Urani ni chuma kizito kupita risasi. Mjerumani Klaproth aliigundua mwaka wa 1789. Kwa miaka mia moja watu hawakuona faida yake isipokuwa kutia rangi ndani ya vioo na vyombo. Mwaka wa 1896 Mfaransa Becquerel aliona kwamba urani hutoa miali isiyoonekana kwa macho, ndiyo tunayoiita mionzi. Miaka miwili baadaye Marie Curie na mume wake walipata ndani ya mawe ya urani kitu kingine chenye mionzi ya nguvu zaidi, ndicho radiumu.

Kila kitu kimefanywa kwa chembe ndogo mno zinazoitwa atomu. Ndani ya atomu mna kiini, na ndani ya kiini zimefungwa nguvu kubwa. Atomu za urani si za namna moja. Tukihesabu atomu 1,000 za urani jinsi inavyotoka ardhini, karibu 993 ni za namna inayoitwa urani 238, na 7 tu ni za urani 235. Hizo 7 ndizo zinazopasuka kwa urahisi. Kwa hiyo jiwe la urani peke yake haliwaki wala halilipuki. Anayemwambia mchimbaji kwamba amebeba bomu ndani ya kopo anamdanganya.

Lakini tusikimbilie kusema kwamba halina hatari. Vumbi lake likiingia mapafuni hudhuru. Na ndani ya mashimo yenye urani hutokea gesi iitwayo radoni, isiyo na rangi wala harufu, ambayo mtu akiivuta miaka mingi yaweza kumletea ugonjwa wa kansa ya mapafu. Mtu asilale nyumba moja na jiwe la namna hiyo, asilisage, asiwaachie watoto walichezee.

II. NAMNA MOTO WAKE UNAVYOWASHWA

Tutumie mfano wa kwetu. Mwezi wa nane, majani ya mbuga za Lulimba yamekauka. Cheche moja inaangukia shina moja la jani, lile linawasha mawili, mawili yanawasha manne, na baada ya muda mlima mzima unawaka. Majani yakiwa mabichi au yakiwa mbalimbali, cheche inazimika. Ndivyo ilivyo kwa urani 235. Chembe iitwayo neutroni ikigonga kiini, kiini hupasuka, hutoa joto, na kutoa neutroni nyingine mbili au tatu. Hizo zikigonga viini vingine, navyo hupasuka. Urani ikiwa chache, au urani 235 ikiwa imetawanyika mno, neutroni hupotea na moto hufa.

Kwa sababu hiyo mafundi huongeza kwanza sehemu ya urani 235. Kwa viwanda vingi vya umeme huifikisha 3 mpaka 5 kwa kila 100. Halafu huifanya vipande vidogo, wakavipanga ndani ya fito ndefu za chuma, na fito hizo huziweka ndani ya maji. Maji yana kazi mbili. Ya kwanza ni kupoza. Ya pili ni kupunguza mwendo wa neutroni, kwa sababu neutroni inayokimbia sana hupita viini bila kuvigusa, kama mtu anayekimbia asiyeona mlango. Mwishoni huweka fito nyingine zinazomeza neutroni. Wakizishusha, moto unapungua, wakizipandisha, unaongezeka. Ni kama ile njia ambayo wazee wanalima kuzunguka kijiji kabla ya kuchoma majani, moto ukifika pale usipate cha kula. Chombo hiki chote kinaitwa reaktori.

Reaktori haifanyi umeme, inafanya joto. Joto huchemsha maji, mvuke husukuma gurudumu liitwalo turbini, na gurudumu huzungusha dinamo inayotoa umeme. Katika kiwanda cha maji, maji yanayoanguka toka mlimani ndiyo yanayosukuma gurudumu. Dinamo ni ileile. Kinachobadilika ni kile kinachosukuma.

Nguvu ya urani yashangaza. Kilo 1 ya urani 235, ikipasuka yote, hutoa joto kama lile la tani zaidi ya 2,000 za makaa ya mawe. Ndiyo maana mataifa yanaitamani. Lakini kuna neno moja ambalo kila mtu sharti alijue. Moto wa kuni ukizimwa, umezimwa. Moto wa urani ukizimwa, mabaki yake yanaendelea kutoa joto. Dakika ile ya kuzima, fito bado zinatoa karibu sehemu 6 au 7 kwa 100 ya joto lake la kwanza, na sharti zipozwe kwa maji siku nyingi, hata miaka. Kule Fukushima, nchi ya Japani, tarehe 11 Machi 2011, reaktori zilizokuwa zikitumika zilizimika sawasawa tetemeko lilipotokea. Kisha maji ya bahari yaliharibu mashine za kuzipoza, na joto la mabaki likayeyusha fito. Kule Chernobyl, tarehe 26 Aprili 1986, ubaya ulitoka kwa namna reaktori ilivyojengwa, na kwa watu waliofanya jaribio huku wamefunga vyombo vya kujilinda.

Mabaki nayo hayafi upesi. Iodi 131 hupoteza nusu ya nguvu yake kwa siku 8, sesiumu 137 kwa miaka 30, na plutoniumu 239 kwa miaka karibu 24,000. Anayewasha moto huu anawawekea wajukuu wa wajukuu kazi ya kuulinda.

III. JIWE LILILOTOKA KWETU

Kijana wa Lulimba alisema kweli kwamba urani ilitoka kwetu, ingawa si katika Kivu. Ilitoka Shinkolobwe, karibu na Likasi, katika Katanga. Pale mahali paligunduliwa mwaka wa 1915, na Union Minière ikapachimba kwanza kwa ajili ya radiumu. Urani yenyewe wakati ule ilikuwa kama makapi. Mwaka wa 1940, vita vikiwaka Ulaya, mkubwa wa kampani ile, Edgar Sengier, alipeleka New York tani karibu 1,200 za mawe hayo. Yalikuwa mawe yenye utajiri usiopata kuonekana mahali pengine: mengine zaidi ya nusu ya uzito wake ilikuwa urani. Wamarekani waliyanunua mwaka wa 1942, na sehemu kubwa ya urani ya bomu lililoangushwa Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945 ilitoka katika ardhi yetu.

Wachimbaji wa Shinkolobwe hawakuambiwa jiwe linakwenda kufanya nini. Hawakuwa na hatia. Lakini pia hawakupata heshima ya kuulizwa. Tunaposali kwa ajili ya wafu wa Hiroshima, tuwataje na wale.

Wakati wa uhuru, mwaka wa 1960, mashimo yalifungwa kwa saruji. Miaka ya baadaye watu walirudi kuchimba kobalti na shaba kwa mikono. Mwezi wa Januari 2004 serikali iliamuru pafungwe, lakini watu waliendelea, na mwezi wa Julai mwaka uleule shimo liliporomoka na kuua watu. Saruji peke yake hailindi kitu, asipokuwapo mtu aliyewekwa kulinda.

IV. REAKTORI YA LOVANIUM

Wengi hawajui kwamba reaktori ya kwanza ya Afrika nzima iliwashwa Kongo, na iliwashwa ndani ya universite ya Kanisa. Universite ya Lovanium ilifunguliwa mwaka wa 1954, juu ya mlima Amba karibu na Léopoldville, ndiyo Kinshasa ya leo. Mkubwa wake wa kwanza alikuwa Monsenyeri Luc Gillon, padri wa Ubelgiji aliyesomea fizikia ya atomu. Mwezi wa Juni 1959 reaktori iliyotengenezwa Marekani ilianza kutumika pale. Iliitwa TRICO I. Nguvu yake ilikuwa kilowati 50 za joto.

Tufafanue, maana hapa watu hukosea. TRICO haikuwa kiwanda cha umeme. Haikuwasha taa hata moja. Ilikuwa reaktori ya shule: kwa kufundisha, kwa kupima yaliyomo ndani ya udongo na mawe, na kwa kutengeneza dawa zenye mionzi ambazo waganga hutumia kwa kutambua magonjwa. Mafuta yake yalichanganywa kwa namna ambayo yakipata moto sana, nguvu yake hupungua yenyewe. Kwa hiyo ilifaa kwa wanafunzi.

Tukitazama tendo lenyewe, tunaona haki ndani yake. Ikiwa jiwe latoka Kongo, elimu ya jiwe nayo irudi Kongo. Na Kanisa halikuiogopa elimu hiyo. Mwaka wa 1957, Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomu lilipoanzishwa, makao yake Vienna, Kiti Kitakatifu kilikuwa miongoni mwa washiriki wa kwanza. Waalimu wetu wa filosofia walitukumbusha mara kwa mara: abusus non tollit usum, maana yake matumizi mabaya hayaondoi matumizi mema. Baba Mtakatifu Fransisko, alipofika Hiroshima mwezi wa Novemba 2019, aliyahukumu matumizi ya nguvu ya atomu kwa vita, na hata kuwa na silaha hizo. Hakuhukumu dawa ya mgonjwa.

Basi ikaja kazi ya kuongeza. TRICO I ilisimamishwa mwaka wa 1970, na mwezi wa Machi 1972 ikawashwa TRICO II, yenye megawati 1, yaani nguvu mara 20 ya ile ya kwanza. Wakati ule nchi ilijivunia. Lakini chombo kiliongezwa mara 20, na ulinzi haukuongezwa hata mara mbili. Fito mbili za urani ziliibwa. Moja ilionekana mwaka wa 1998 katika Italia, mikononi mwa majambazi waliotaka kuiuza. Ya pili haikuonekana. Fedha zilipungua, mashine zikachakaa, vipuri vikakosa. Mvua nazo zikafanya yale tunayoyajua vizuri hapa Kivu: zikachimba makorongo katika mlima wa mchanga, yakakaribia universite. Mwaka wa 2004 TRICO II ilisimamishwa. Habari za kuiamsha zimetangazwa mara nyingi.

Hatuandiki haya kwa kuwacheka wenye elimu wa Kinshasa. Walibaki pale miaka mingi wakilinda chombo kilichosimama, pengine kwa mshahara mdogo, na mabaki yake hayakumdhuru jirani. Kazi hiyo isiyoonekana ndiyo kubwa kuliko kukata utepe siku ya kufungua.

V. KOEBERG NA MAJIRANI WETU

Kiwanda cha umeme wa urani kinachotumika Afrika ni kimoja tu: Koeberg, Afrika ya Kusini, kandokando ya bahari, kilometri karibu 30 kaskazini ya Cape Town. Kina reaktori mbili, za mwaka wa 1984 na 1985, kila moja karibu megawati 930. Maji ya bahari huzipoza. Mabaki yenye mionzi kidogo hupelekwa Vaalputs, mahali pakavu pasipo na watu wengi. Fito zilizotumika, ambazo ndizo za hatari, zimebaki Koeberg penyewe.

Kiwanda hiki kilipewa miaka 40. Miaka ikakaribia kwisha, na wakubwa wakataka kukiongezea 20. Kwa ajili hiyo iliwapasa kubadili vyombo vikubwa vinavyofanya mvuke, vitatu kwa kila reaktori. Kazi ilipangwa kuanza mwaka wa 2022, ikaahirishwa kwa sababu matayarisho hayakutosha, na nchi nayo ilikuwa ikikatiwa umeme kila siku. Ilifanywa hatimaye, na mwaka wa 2024 reaktori ya kwanza ilipata ruhusa mpaka mwaka wa 2044. Ya pili ilifuata mwaka wa 2025. Kuna pia shauri la kujenga kiwanda kingine palepale kando yake, cha megawati 4,000. Angalieni vizuri: hata nchi yenye mafundi wengi kuliko nchi nyingine za Afrika ilihitaji miaka na miaka ili kuongeza maisha ya chombo ambacho tayari inakijua.

Misri nayo inajenga El Dabaa, kando ya bahari ya Mediteranea: reaktori 4 za megawati 1,200 kila moja, kwa msaada wa Urusi, kazi iliyoanza mwaka wa 2022. Uganda imetaja Buyende, karibu na ziwa Kyoga. Kenya ilitaja Uyombo katika Kilifi, lakini wenyeji, ambao wengi ni wavuvi, walikataa kwa nguvu. Kisha shauri likaelekea Siaya, upande wa ziwa Victoria. Rwanda imefanya mapatano na Warusi na wengine, ikitafuta reaktori ndogo.

Kwa nini ndogo? Hapa pana hesabu ambayo kila mseminari aweza kuifanya. Waya zote za umeme zilizounganishwa ni kama mtumbwi mmoja. Mashine moja ikizimika ghafla, nyingine sharti zibebe mzigo wake papo hapo, la sivyo zote zinazimika. Kwa hiyo mafundi husema kwamba mashine moja isipite karibu sehemu ya kumi ya nguvu zote. Sasa, viwanda vya Ruzizi ya kwanza na ya pili, vinavyoleta umeme Bukavu, Uvira na nchi jirani, vyote viwili pamoja vina megawati karibu 73. Kutia humo reaktori moja ya Koeberg ni kupakia kiboko ndani ya mtumbwi wa mvuvi wa Baraka.

VI. BENDERA, KIWANDA KILICHO KARIBU

Kijana wetu alitazama mbali sana, akasahau kilicho karibu. Ukitoka Lulimba ukifuata njia ya Kalemie, utafika Bendera, ambapo mto Kiyimbi unaanguka toka milimani. Pale kuna kiwanda cha umeme wa maji kilichoanza mwaka wa 1959, mwaka uleule wa TRICO I. Kina mashine mbili za megawati 8.6 kila moja, jumla megawati 17.2. Tangu zamani kulikuwa na shauri la kukiongeza mpaka mashine tano, yaani megawati 43.

Waya zake zilielekezwa kusini, kwa mji wa Kalemie, ulioitwa Albertville, na viwanda vyake. Lulimba, iliyo upande wa kaskazini, haikukumbukwa. Mwezi wa Juni 1965, wakati wa vita vya Simba, wapiganaji pamoja na Wakuba wa Che Guevara walikuja kushambulia askari waliolinda kiwanda hiki. Wazee wa Fizi wanayakumbuka. Watu walikufa kwa ajili ya mahali penye umeme, na umeme wenyewe hawakuuonja.

Si Bendera peke yake. Toka Inga, karibu na bahari, waya zilipitishwa mwaka wa 1982 kilometri karibu 1,700 mpaka Kolwezi, kwa ajili ya migodi. Zinapita juu ya vijiji vingi, na chini yake mama anasonga ugali kwa mwanga wa kuni.

Hapa ndipo jibu letu lilipoanza kuonekana. Giza la Lulimba halikutokana na ukosefu wa urani, wala ukosefu wa maji. Limetokana na mambo mawili: wale waliojenga walijenga kwa ajili ya mahali pengine, na kilichojengwa hakikutunzwa ili kipate kuongezwa. Kiwanda cha urani kingeongeza ubaya huu wa pili. Turbini ya maji isipotunzwa, inasimama na kuota kutu, na watu wanakaa gizani. Reaktori isipotunzwa, haikubali kusimama kwa amani. Yaani chombo kinachosamehe uzembe tumeshindwa kukitunza. Tutakabidhiwaje kile kisichosamehe?

Wengine watasema: basi Mwafrika asiguse urani kamwe. Hapana. Neno hilo ni matusi kwa wale wa Kinshasa, na kwa wale wa Koeberg. Tunachosema ni kwamba utunzaji utangulie, uongezaji ufuate. Bwana wetu ametufundisha juu ya mtu anayetaka kujenga mnara, kwamba aketi kwanza ahesabu gharama. Na gharama ya reaktori si ya kujenga tu: ni ya kulinda miaka 60 ikitumika, na ya kulinda mabaki baada ya hapo. Asiyeziba ufa, hujenga ukuta. Na ukuta wa reaktori hakuna anayeweza kuujenga mara ya pili.

VII. MASHAURI KWA WACHUNGAJI NA MAKATEKISTA

Kwanza, mtu akikuletea jiwe akisema ni urani, usilipokee, wala usiliweke kanisani. Tumekosa sisi, msikose ninyi. Usilivunje, usilinuse. Mwambie alipeleke kwa wakubwa wa serikali wa migodi. Sheria ya nchi imemkataza mtu kuchimba au kuuza urani bila ruhusa. Na wale wanaoahidi dola nyingi gizani mara nyingi ni matapeli, na asiye tapeli ni wa hatari zaidi, kwa sababu anataka kweli.

Pili, msiwatishe watu kwa hadithi. Katika picha za hospitali na katika kutibu kansa, mionzi huokoa maisha. Mgonjwa aliyetumwa kupigwa picha asikimbie kwa sababu katekista amesema ni bomu.

Tatu, mkiwa na watoto wenye akili ya hesabu, msiwaachie mashimo ya dhahabu wawachukue wote. Monsenyeri Gillon alikuwa padri, na hesabu haikumzuia kusoma Misa. Kiyimbi ikiongezwa siku moja, itahitaji mafundi. Heri watoke Fizi.

Nne, wakubwa wakija kutangaza kiwanda kipya, cha maji au cha urani, msipige makofi upesi wala msinung'unike upesi. Ulizeni kwa adabu maneno matatu: waya zitafika wapi, nani atakitunza, na mshahara wake utatoka wapi baada ya miaka kumi.

Tunamaliza kwa kisa kidogo, na hapa pia kosa ni letu. Katika kapela moja ya upande ule tulipata zamani paneli moja ya jua, betri moja, na taa nne. Siku ya kwanza watu walicheza mpaka usiku. Baada ya miezi tisa taa zilizimika. Hatukumchagua mtu wa kuongeza maji ndani ya betri, ikakauka. Na wakristu walitujia wakisema: «Padri, tuombee paneli nyingine tatu, hii moja haitoshi.» Nasi, bila kufikiri, tulikuwa tumekwisha kuanza kuandika barua ya kuomba.

Baada ya habari ya lile kopo, tuliipasua barua ile. Tuliwaita wazee na vijana, tukachagua watunzaji wawili, mwanaume mmoja na mama mmoja. Kila nyumba inatoa franka kidogo kila mwezi, na mama yule ameandika hesabu yote ndani ya daftari la shule. Betri mpya ilinunuliwa kwa fedha hizo, si kwa msaada wa mtu. Mtunzaji wa pili ni kijana yule wa kopo. Kila Jumamosi, kabla ya kwenda mashimoni, anafungua betri na kutazama maji. Paneli ya pili hatujaiomba bado. Tutaiomba daftari likitimiza mwaka.